Udongo ku Viwiko vya Kipa

Mugisho mwanangu,

Usishangae kupata barua kutoka kwa mutu ambaye unalala naye nyumba moja. Tangu saa nane natafuta namna ya kukuambia kwa kinywa, na kinywa kimekataa. Umeenda Ibanda kuaga parrain wako wa ubatizo, mama yako yuko nje ku kamba ya nguo, na miye nimekaa ku meza na cahier yangu ya kwaya, nimepasua karatasi za katikati. Barua nitaiweka juu ya muto wako. Isome leo, mbele ya kulala. Usingoje kupanda bateau kesho. Ku bateau itakuwa imechelewa.

Mambo ya sweta, ya chandarua, ya kuchemsha maji ya Kisangani, hayo siandiki. Mama yako amekwisha kukuambia mara tatu, na kesho ku port atakuambia mara ya ine mbele ya watu wote. Utavumilia.

Miye nataka kuandika juu ya jambo lililonipiga leo.

Tonton Deo alifika muda kidogo baada yako kutoka. Alileta karatasi ya timu yako ya Kisangani, ile ambayo muzazi anapaswa kuweka signature. Unamujua Deo, kila kitu kwake ni kicheko, alikuwa hivyo hivyo tulipokuwa wote Kalemie, yeye beki, miye kipa. Nikamupa kiti, nikatafuta miwani, nikasoma. Jina lako. Mahali ulipozaliwa. Urefu. Halafu mustari wa chini: gardien numéro trois, kipa namba tatu.

Nikamuambia, "Deo, hapa wamekosea. Mutoto iko kipa wa kwanza."

"Nani alikuambia?"

"Yeye mwenyewe."

Deo akacheka mpaka akashika tumbo. "Papa Mugisho! Wa kwanza kule ni mutu muzima, iko na ndevu. Wa pili njo ule anangoja wa kwanza avunjike. Mugisho ni wa tatu. Na anajua. Si alisaini mbele yangu mwezi uliopita? Angalia chini."

Nikaangalia. Ile M yako yenye mukia murefu, unaandika hivyo tangu darasa la pili.

Deo akaona uso wangu umebadilika, akataka kunifariji. "Usihuzunike, vieux. Wa tatu anakula sahani moja na wa kwanza. Tena yeye iko na uhuru. Hata kesho akitaka kurudi kwenu, aende! Kipa wa tatu, nani atamuzuia?"

Akapiga meza. Miye nilihisi kama mutu amefungua mulango nyuma yangu na baridi imeingia. Maneno hayo, "kipa wa tatu, nani atakuzuia," nilishayasikia mara moja, miaka sita imepita, kutoka kinywa kingine. Nilifikiri nimeyazika.

Mugisho, jumapili padri alikutaja mbele ya altare. Alisema, mutoto wetu wa paroisse anaenda kuwa kipa wa kwanza wa timu kubwa. Watu wakapiga mikono. Ulikuwa umesimama ku mustari wa tatu, ukainamisha kichwa namna ya mutu munyenyekevu. Nilikuwa mu kwaya, na ni miye niliyepiga mikono kwa nguvu kuliko wote. Sikujua kwamba nilikuwa naangalia sura yangu mwenyewe.

Sasa nisikilize, kwa sababu naanza mahali pabaya.

Miye sikuwa kipa wa kwanza hata siku moja.

Nilikuwa na timu saba kwa miaka kumi na miwili, hilo ni kweli na unalijua. Uvira, Bujumbura, Kigoma, Kalemie, Kalima, tena Uvira, na mwisho Kindu. Lakini kuwa na timu na kuchezea timu ni vitu viwili. Kwa miaka hiyo yote niliingia ku kiwanja, match ya kweli yenye arbitre wa filimbi na watu, mara kumi na moja. Ningeweza kukusimulia zote, moja moja, na mvua iliyonyesha siku ile. Siku zingine zote nilikuwa ku banc, kiti cha wachezaji wa akiba.

Kipa wa banc naye ana kazi yake, usifikiri analala. Ni yeye anapigia wa kwanza mipira ya kumupasha moto. Ni yeye anashika saa ya kocha, maji ya kunywa, rozari ya captain. Anajua kiuno cha wa kwanza kinauma upande gani, anajua kuliko muke wa ule mutu. Anajifunza kukaa wima hata kama match iko mbaya, kwa sababu watu wa nyuma wanamuona mugongo. Na timu ikishinda, anaruka kama wengine, halafu anaona haya kidogo, kama mutu anayecheza ku ndoa ambayo hakualikwa.

Niliingia hata mu zambi kwa sababu ya banc. Kule Kalemie nilifanya novena. Siku tisa, magoti chini, juu ya kipa wa kwanza. Sikuomba Mungu amuvunje, hapana, nilimuomba tu amuguse kidole kidogo. Siku ya kumi kidole kiliguswa. Nikaingia, nikafungwa magoli matano. Baada ya goli la tano Deo alinisogelea, akaniambia pole pole, "Vieux, tafazali, rudisha ile novena." Niliungama zambi hiyo kwa padri. Ile ingine, ninayotaka kukuambia, sikuiungama kamwe. Niliona si zambi, niliona ni mambo ya mupira tu. Angalia namna shetani anajua kuficha kitu mahali ambapo mutu hatafuti.

Uongo wenyewe ulizaliwa mudogo sana. Nilirudi kutoka Uvira mara ya kwanza, weye ungali ku mugongo wa mama yako. Watu wa avenue walikuwa wametoka kunipokea. Mutu mumoja akapiga kelele, "Kipa wetu! Musimu muzima umefungwa mangapi?" Na miye, na mufuko ku bega, nikajibu, "Mawili tu." Watu wakashangilia. Haikuwa hata uongo kamili, kwa sababu nilikuwa nimefungwa mawili, ku match moja niliyoingia. Lakini kutoka siku ile nikawa na kitu cha kulinda. Kulinda goli nilikuwa sijui sana. Ile kitu ingine nililinda vizuri.

Unajua desturi ya avenue yetu. Mume akirudi kutoka kazi ya mbali, muke anafua nguo zake ku robinet, lile bomba la wote, mbele ya wamama wote, na wamama wanasoma uchafu ule kama gazeti. Mume wa jirani yetu Maman Zawadi alikuwa shofa wa lori, nguo zake zilijaa mafuta ya moteur. Miye nilikuwa naleta mayo yangu ya kipa, ile jezi ya mikono mirefu, na mama yako alikuwa anaisugua mpaka udongo unatoka na kujaa mu bassin. Nilikuwa nasikia sauti ya Maman Zawadi kutoka ndani ya nyumba: "Eh, sisi wanatuletea mafuta, wenzetu wanaletewa udongo wa stade!" Na wamama wanacheka, na miye nalala ku kitanda nikitabasamu.

Nilitabasamu miaka mingi, Mugisho, na sikujiuliza hata mara moja ule udongo ulikuwa unatoka wapi.

Sasa Kindu.

Ulikuwa na miaka kumi na miwili, sihitaji kukusimulia namna vita ya kwanza ilifika Bukavu. Ni weye uliyeiona, si miye. Lakini kuna upande wa Kindu ambao nyinyi hamukuuona, na ule upande niliusimulia vibaya.

Siku ya alhamisi mama yako aliniita ku phonie, ile radio ya paroisse. Ulikuwa naye, ulikuwa umeshika mukono wa mudogo wako Nsimire, alikuwa na miaka ine. Unakumbuka ile mashine: mutu anabonyeza kifungo anasema, anamaliza na "à toi", zamu yako, anaachia kifungo, mwingine anajibu, na mustari wote wa watu wanaongoja wanasikia kila kitu. Sauti ya mama yako ilikuja na mukwaruzo mwingi.

"Papa Mugisho, Uvira imekamatwa. Watu wanapita hapa wanakimbia, na magodoro ku kichwa. Kuya. À toi."

Nikamujibu, "Siwezi. Jumapili tuko na match. Miye njo kipa, wamenikataza. Jumatatu nitakuya. À toi."

Nikangoja. Mukwaruzo tu, muda murefu, nikafikiri laini imekatika. Halafu akasema, "Sawa. Mungu akulinde. Terminé."

Hakuna mutu aliyenikataza.

Asubuhi ya siku ile ile kocha aliniita pembeni. Alikuwa muzee mupole, alisikiliza radio kila asubuhi kama padri anasali breviari. Aliniambia, "Papa, nasikia kwenu kunawaka. Jumamosi kuna ka-ndege ka mufanyabiashara kanaenda Kavumu, uwanja wenu wa Bukavu. Nilimusemesha pilote, iko na nafasi moja. Nenda ukaone watoto." Nikamuambia, kocha, na match? Akaniangalia kwa huruma, ni huruma ile iliyoniua. "Kipa wa tatu, papa. Nani atakuzuia?"

Ndiyo. Kindu nilikuwa wa tatu. Hata wa pili nilikuwa siko tena.

Unaweza kujiuliza kwa nini mutu anakataa nafasi ku ndege wakati vita inaenda kwa watoto wake. Nimejiuliza miaka sita, na leo tu nimekuwa na nguvu ya kuandika jibu. Avenue yote ilijua kwamba jumapili tuko na match kubwa. Nikifika nyumbani jumamosi, na mufuko ku bega, Maman Zawadi atauliza: "Kipa wetu, na match ya kesho nani anasimama ku goli?" Sikuwa na jibu. Mugisho, sikubaki kwa sababu ya mupira. Nilibaki kwa sababu ya Maman Zawadi.

Jumapili nilikaa ku banc, mugongo wima. Tulishinda mawili kwa sifuri. Nilikula nyama. Jumatatu nikaenda ku uwanja wa ndege na nikaambiwa Kavumu imefungwa, Bukavu inaanguka. Nilianguka chini pale pale, na sikuamka vizuri mpaka leo.

Miezi mitatu nilitembea, kupitia Shabunda mpaka hapa, sehemu kubwa kwa miguu. Nikafika, mulango wa nyumba ulikuwa umevunjwa, mama yako alikuwa anapika majani ya muhogo, weye ulikuwa unapasua kuni. Nikahesabu watu wa nyumba yangu na hesabu ikakataa.

Ni weye uliyemubeba Nsimire. Hilo nililijua kutoka kwa mama yako, weye hukunisimulia kamwe. Mulipokimbia, kutoka Walungu mpaka Luhwindja, ku mugongo, mu mvua, na homa ile na kuhara kule, na mama yako mbele na sufuria na mufuko. Siku ya tatu kule Luhwindja akazimika, hakuamka tena. Mujomba wa mama yako, ule anayesafisha zahabu, akavunja kisanduku chake cha kusafishia ili mupate mbao za kumuzika. Najua hata hiyo. Najua ulishika misumari.

Siku ile ya kufika kwangu mama yako alisema neno moja tu. Alisema, "Walikukataza." Nami nikajibu, "Walinikataza." Alinipa lile neno kama mutu anampa mwenzake nguo ya kujifunika, na miye nikaipokea, nikaivaa miaka sita.

Rudi sasa kwa leo. Deo alipoondoka, sikuweka signature. Nilitoka nje na karatasi mu mukono. Mama yako alikuwa ku bassin, anafua nguo zako za safari.

"Mama Mugisho, acha kwanza. Niko na neno."

"Sema. Mikono njo inafua, masikio hayafui."

Nikamuambia, mutoto ni kipa wa tatu, ametudanganya. Hakusimama. Alifinya soksi yako, akaiweka pembeni.

"Najua," akasema.

"Unajua? Alikuambia?"

"Aniambie nini? Siku alirudi kutoka ku essai, kule timu ilimujaribu, niliona mayo yake ndani ya mufuko. Viwiko safi. Kesho yake asubuhi akanipa nifue, iko na udongo ku viwiko viwili. Udongo mwekundu, wa mutaro wetu. Ku stade hakuna udongo wa rangi ile."

Nikafikiri, mutoto amejifunza wapi ufundi huo? Na kwa sababu nguvu ya kujificha ilikuwa imekwisha, nikasema yangu. Nilimuambia yote namna nimekuandikia hapa: banc, timu saba, mara kumi na moja. Nikangoja alie, ao anitukane. Aliendelea kufua.

"Tangu Uvira ya kwanza," akasema.

"Nini?"

"Nilijua tangu Uvira ya kwanza. Papa Mugisho, kipa gani haanguki? Unaleta mayo, inanuka jasho ya kukaa. Viwiko kama vya mutoto wa komunio."

"Na ule udongo? Maman Zawadi alikuwa anauona ule udongo kila mara!"

Sasa akainua macho. "Nilikuwa napakaa mwenyewe, mbele ya kufua. Ulitaka niweke nini mu bassin mbele ya wale wamama? Maji safi? Nilikuwa napakaa ku viwiko na ku kiuno kidogo, halafu naacha ikauke. Mugisho njo alikuwa ananichotea ku mutaro, mu mukebe wa maziwa. Nilimuambia ni dawa ya kuondoa harufu. Alikuwa na miaka saba. Hakuamini hata siku moja."

Mwanangu, nimepigwa mipira ya tumbo, nimepigwa na kiatu ku uso. Sijapigwa namna hii. Miaka yote nilifikiri nawaficha nyinyi wawili kitu, na nyinyi wawili mulikuwa munanifichia miye. Mutoto wangu wa miaka saba, na mukebe, anachota udongo ili baba yake aonekane mutu.

Halafu nikaelewa kitu kingine, na nilitamani nisielewe. Nikamuuliza: "Basi siku ya phonie. Niliposema wamenikataza. Ulijua?"

Hapo mikono yake ilisimama ndani ya maji.

"Nilijua," akasema. "Nilikuwa nalo neno hapa ku ulimi. Kuya, weye ni mutu wa banc, hawakuhitaji. Maneno hayo tu. Lakini watu walikuwa nyuma yangu, mustari mpaka ku mulango. Maman Zawadi alikuwa wa tatu. Nikaona nikisema, nimekuvua nguo mbele ya paroisse nzima. Nikangoja. Nikasema, labda atapata mwenyewe sababu ya kuya. Halafu nikasema Mungu akulinde, nikaachia kifungo."

Akafuta uso na bega. "Mwezi wa wafu, padri akisoma majina, akifika kwa Nsimire, miye nasikia kile kifungo."

Nilikaa chini. Sikuchagua mahali, nilikaa pale pale maji ya sabuni yanapita. Tulikuwa wawili na zambi moja, Mugisho, kila mumoja anafikiri ni yake peke yake, na kila mumoja anamufunika mwenzake ili asipate haya. Na chini ya mapendo hayo mutoto alikufa. Sijui padri ataniambia nini nikimupelekea hiyo. Jumamosi nitamupelekea.

Mama yako akatoa mayo yako mu bassin ya mwisho. Ilikuwa safi. Akaikunjua, akaiweka ku kamba, si upande wa choo ambapo anaanikaka nguo zetu, hapana, upande wa barabara. Na unajua nani yuko upande ule.

Kichwa kikatokea juu ya uzio. "Eh, Papa Mugisho, umeanguka?"

Macho yake yakapanda ku kamba.

"Na mayo ya kipa wetu, mbona iko safi hivyo?"

Nilimuangalia mama yako. Alikuwa bado anashikilia kibanio mu meno. Akakitoa, akabana bega la kushoto, akabana la kuume, na akasema kwa sauti ile ya ku robinet, avenue yote isikie: "Ni ya kipa wa tatu, Maman Zawadi. Hajaanguka bado."

Miaka kumi na nane niliogopa dakika ile. Kwa sababu ya dakika ile niliacha nafasi ku ndege.

Maman Zawadi akafikiri kidogo. "Wa tatu?" akasema. "Basi iko na wawili wa kumufundisha. Mama Mugisho, ile sabuni yangu uliazima juzi, unirudishie, niko na mashuka."

Na kichwa kikashuka.

Ni hayo tu. Ni hayo tu, Mugisho! Nilingoja kitu kingine kifuate, kicheko, kelele, hakuna kilichofuata. Alitaka sabuni yake. Nimekaa hapa ku meza masaa mawili sasa, na bado nasikia lile neno sabuni, na siwezi kulia wala kucheka. Miye ndiye niliyemufanya yule mama kuwa hakimu. Yeye mwenyewe hakujua kama amekaa ku kiti.

Usikasirike na mama yako. Pengine ukifika pa kona utakuwa umekwisha kusikia kwa watu. Alifanya leo kile ambacho hakufanya ku phonie, na alikifanya kwa sababu yako. Kuwa kipa wa tatu si haya. Nilikuwa wa tatu, na nilikuwa wa tatu muzuri: nilijua kumupasha mutu moto, nilijua kumuinua mwenzangu akifungwa bao la kijinga. Timu saba hazichukui mutu wa bure. Kama ningelijua kusema hivyo, ningelirudi nyumbani na kichwa juu miaka yote, na ningelikuwa na kitu cha kukufundisha zaidi ya kupakaa udongo.

Vita haijaisha, unaona mwenyewe. Kesho kutwa inaweza kurudi hapa, ao ikakufuata kule. Mama yako ataenda tena ku phonie, ao miye nitaenda. Siku hiyo tukikuambia kuya, hutakuwa na kitu cha kulinda. Hakuna mutu hapa anayefikiri kwamba timu itaanguka ukiondoka. Weka mufuko ku bega, panda kile kinachopatikana. Na siku ukiwa wa kwanza kweli, na wakikukataza kweli, kuya vilevile. Mayo atavaa mwingine.

Kesho ku port watu watakuwa wengi, padri pia atakuja kukubariki. Atasema tena kipa wa kwanza, hajasikia bado. Sitakuacha usimame peke yako pale. Nitaomba ruhusa niseme mbele yako, na nitaanza na yangu: timu saba, mara kumi na moja. Halafu weye utasema yako ukipenda. Usipopenda, nyamaza, lakini usiinamishe kichwa.

Kitu kimoja nakuomba, na si amri. Kule Walungu mpaka Luhwindja, hujanisimulia. Siku moja, kwa barua ao kwa kinywa, unisimulie. Nipe uzito wake kidogo, umeubeba peke yako tangu utoto.

Karatasi ya Deo nimesaini. Nimeandika jina langu chini ya lako, chini ya ile namba tatu, bila kufuta kitu.

Mungu wa Nsimire akutangulie ku maji na ku anga, na akurudishe kwetu kwa njia yoyote.

Mvua imeanza, mama yako ameingiza nguo. Mayo yako haijakauka. Utaibeba hivyo, mbichi, mu sashe ya plastiki pembeni. Anasema usiikunje pamoja na zingine.

Baba yako